Fundi Funga Maji na Mawe Yake ya Moshi

Ndugu zangu, majirani, wakwe zetu, na ninyi mafundi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la kazini, Funga Maji, na karatasi hii niliyoishika imeandikwa na mwanawe wa kwanza, ambaye ni mwalimu na mwandiko wake unasomeka hata bila miwani. Nitaisoma, ila mniwie radhi nikiiweka pembeni mahali pengine na kusema ya kwangu, maana mimi ni fundi cherehani, nimezoea kupunguza huku na kuongeza kule, na leo nina haraka ambayo si utovu wa adabu. Daktari wa mapafu, yule anayefika hospitali yetu mara chache kwa mwaka, yupo leo tu na anaondoka alasiri, na pale mbele, kiti cha pili, amekaa binti wa marehemu, kitinda mimba wake, ameweka leso mdomoni na ninyi mnadhani analia. Halii, anazuia kikohozi. Nataka aende leo akapigwe picha ya kifua, yeye hataki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei mwaka 1958, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ghala la mbao, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa kimya kabisa, mkunga akamgeuza na kumpiga vikofi mpaka nyumba nzima ikashika roho mkononi, ndipo akalia. Alianza shule mwaka 1966 na kumaliza darasa la saba mwaka 1972, karatasi inasema alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, na mimi niliyekuwa namfuata darasa moja nyuma nasema bidii yake ilikuwa ya kuokota mawe. Kaptula zake zilitoboka mifuko kila wiki, mama akachoka, akanipa sindano mimi, kwa hiyo ufundi wangu wa kushona mnaousifia nimeupatia kwenye mifuko ya mtu huyu aliyelala hapa. Siku moja mwalimu alimwamuru amwage mezani kila alichobeba, sote tukidhani ni gololi, yakatoka mawe mpaka meza ikajaa, na darasa likacheka hadi kengele.

Mwaka 1975 alipokelewa kama mwanafunzi wa kazi katika karakana ya mawe ya vito, ile ambayo wengi wenu mnaijua, chumba kirefu cha ghorofani juu ya duka la baiskeli, chenye madirisha upande mmoja tu, magurudumu ya kusagia yamepangwa ukutani, na juu ya kila gurudumu kijibomba cha maji kinachodondosha tone tone. Mafundi wakubwa walikuwa wanagombea mawe mekundu na ya kijani, yeye kwa kuwa alikuwa mgeni akasukumiwa ndoo ambayo hakuna aliyeitaka, ndoo ya mawe ya moshi. Kwa wale ambao hawakuwahi kufika kwetu, jiwe la moshi ni ndugu wa lile jiwe jeupe linalopitisha mwanga kama maji, kwatzi, isipokuwa hili limekaa ardhini miaka isiyosemeka karibu na miamba yenye mionzi, likaingia rangi kama chupa iliyofukizwa. Kaka yangu alilipenda palepale, akalishika maisha yake yote, na hata alipopewa ruhusa ya kugusa mawe ya bei alirudi kwenye ndoo yake kama mtu aliyesahau kitu.

Alikuwa anayatenga kwa aina zake kwenye visosi dirishani, na ole wako uvichanganye wakati wa kufagia. Kulikuwa na kisosi cha mepesi, rangi ya chai ya mgonjwa, haya yalikwenda kwenye shanga na hereni za wasichana, kulikuwa na kisosi cha kahawia ya wastani, hayo ndiyo mawe ya pete, kulikuwa na yale yenye umanjano ndani yake, ambayo aliyaficha kwa sababu kila mteja aliyeyaona aliyataka, na yale ya milia, mweusi na kijivu, mweusi na kijivu, ambayo aliyachonga kuwa wanyama wadogo wa kuweka mezani. Mwisho kulikuwa na meusi, meusi kama makaa, ambayo ukiyaweka mezani huwezi kuamini kwamba mwanga unaweza kupita. Humo humo yalitoka mawe ya mihuri, vifungo vya mikono ya shati, vipini vya visu vya kufungulia barua, na kwa hakimu mmoja mstaafu aliyesoma kwamba watu wa kale walitengeneza miwani ya jua kwa jiwe hilo, kaka alikata vioo viwili akavitia kwenye fremu, hakimu akatembea nayo mtaani wiki nzima akijisikia, kisha akairudisha kwa sababu uzito wake ulikuwa umemfinya pua mpaka akawa anaongea kama mwenye mafua.

Hakuwa mtu wa kudanganya mteja. Wafanyabiashara walipoliita jiwe lake topazi ya moshi, kwa jina la jiwe ghali zaidi, ili liuzike, alikuwa anawasahihisha mbele ya mnunuzi, na mwenye karakana akishika kichwa. Na yalipoanza kuletwa yale mawe meupe yaliyotiwa weusi kiwandani kwa mionzi, weusi mmoja pande zote, yeye aliyageuza mara moja tu chini ya taa na kusema haya yamepakwa wanja, akayarudisha kwenye mfuko wa aliyeyaleta. Hayo yote yamo kwenye karatasi, kwa maneno mazuri zaidi ya yangu.

Tarehe 3 Desemba mwaka 1983 marehemu alifunga ndoa na wifi yangu huyu hapa, ambaye wakati huo alikuwa anaoka mikate, na lazima niseme kwamba ndoa hii nusura ivunjike kabla haijafungwa. Kaka alikuwa amemvisha pete ya jiwe la moshi, kahawia nzuri, kaikata mwenyewe, naye wifi akiwa kazini akaivua ili akande unga, akaiweka kwenye trei tupu, mwenzake asiangalie, akaisukuma trei tanurini, na pete ikakaa kwenye moto mkali zamu nzima. Ilipotoka, jiwe lilikuwa jeupe pe, kama maji. Wifi hakwenda kwa mchumba wake, alikuja kwangu, na aproni yake ya unga na macho mekundu, akaniwekea pete juu ya cherehani na kuniambia kaka yenu kanichumbia kwa kipande cha chupa, mje mchukue vitu vyenu. Nilikimbia na ile pete mpaka karakana, kaka akaigeuza, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaeleza kwamba moto ukizidi moshi huhama na jiwe hurudi kuwa jeupe, na kwamba ni lile lile. Wifi hakuamini mpaka alipochukuliwa akaonyeshwa kwa jiwe jingine, kaka akamkatia pete nyingine, na tangu hapo alizivaa zote mbili, nyeupe na ya kahawia, na leo amezivaa, mnaweza kuziona.

Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza mwaka 1985, huyu mwalimu, ambaye baba yake alimjaribu kwenye gurudumu siku tatu akamrudisha shuleni akisema huyu mkono wake ni wa chaki, na wa pili mwaka 1990, huyu binti, ambaye hakujaribiwa na mtu, alikaa tu kwenye kigoda siku moja akaanza kukata. Ni yeye aliyemrithi baba yake. Kaka alipoanza kushindwa ngazi za kule juu, binti alichukua gurudumu lake, ndoo yake, visosi vyake na wateja wake, na mafundi mliopo hapa mtakuwa mashahidi wangu kwamba mkono wake ni mwepesi kuliko wa baba. Tulijivuna naye, nilikuwa nawaonyesha wateja wangu pete zake kabla ya kuwaonyesha magauni yangu.

Sasa nafika mahali ambapo naomba mwalimu anisamehe, mwanangu, karatasi yako imeandika hapa kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, nukta. Sitaiacha hiyo nukta. Nimekaa na nukta za namna hiyo kwenye misiba mingi, tunasema muda mrefu, tunasema kifua, tunasema siku zake zilifika, halafu tunarudi nyumbani na mwingine anaanza kukohoa.

Jina la Funga Maji halikuja bure. Jiwe jeusi la moshi lina tabu moja, ukilikata nene linabaki kaa la kupikia, ukilikata jembamba mno moshi unatoweka na unabaki na kioo kichafu, kwa hiyo fundi lazima aone ule wakati mwanga unapoanza kupita, aone na asimame hapo hapo. Maji yakidondoka kwenye gurudumu yanafanya tope jeupe, tope linalifunika jiwe, unakata kama kipofu. Wenzake walikuwa wanasimama, wanalisuuza jiwe, wanalifuta, wanalitazama, wanarudi, na kazi ya asubuhi moja inakuwa ya kutwa. Kaka yangu yeye alikuwa akifika mwisho mwisho anapaza sauti funga maji, kijibomba kinafungwa, anasaga jiwe likiwa kavu huku kalielekeza kwenye taa, na anaona moshi unavyofunguka. Wengine walipomwiga mawe yao yalipata moto yakapasuka, ya kwake hayakupasuka hata moja, kwa kuwa mkono wake ulikuwa unagusa na kuachia, na hicho ndicho kilichomponza. Aliona jiwe halidhuriki, akadhani na yeye hadhuriki. Vumbi lilikuwa linapanda jeupe kama unga, linatua kwenye nyusi, kwenye mabega, kwenye chai yake, na jioni aliporudi wifi alikuwa anamtania kwamba wote wawili wameoa waoka mikate.

Alianza kukohoa mwaka 2015. Alisingizia kila kitu, alisingizia feni, alisingizia baridi ya asubuhi, alisingizia sigara ambazo hakuwahi kuvuta bali za fundi wa baiskeli wa chini, na siku moja akamsingizia mke wake, kwamba ni unga wa mikate unaoingia na nguo zake nyumbani. Wifi alianza kubadilisha nguo kibarazani kabla ya kuingia ndani, mwanamke mzima, mvua na jua, akihofia anamuua mumewe. Walimtibu kifua kikuu, dawa akazimeza zote, kikohozi kikabaki. Ndipo mwaka 2019 akakutana na daktari huyu wa mapafu, akapigwa picha, na daktari akaitundika kwenye taa na kumuuliza swali moja, unafanya kazi gani. Alimweleza kwa upole kwamba vumbi la jiwe likiingia halitoki, linatia makovu, pafu linakuwa gumu, na kwamba hakuna dawa ya kulirudisha lakini lililobaki linaweza kutunzwa akiacha vumbi. Kaka akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwepo, nilimwona akiitikia. Jumatatu iliyofuata alipanda ngazi zile akipumzika kila baada ya kidato, akakaa kwenye kigoda, na akafunga maji.

Miaka miwili ya mwisho hakuweza tena kupanda, alikaa dirishani nyumbani na jiwe mkononi akiligeuza tu, na mtungi wa oksijeni ukawa ndugu wa tatu wa nyumba ile. Alikuwa anaongea maneno mawili anapumzika, mawili anapumzika, na mtu aliyekuwa msemaji kama yeye, jamani, ilikuwa inauma kumsikiliza. Jumatano ya wiki iliyotangulia hali ilibadilika, akalazwa, na Jumamosi nilikuwa nimekaa kando ya kitanda namkatia kucha, mlango umefungwa, ukumbi nje umejaa watu wa kuona wagonjwa, mara tukasikia mtu anakohoa kule kule ukumbini, kikohozi kikavu, kifupi, kinachokatika katikati kama mtu aliyezuiwa kusema. Kaka akaushika mkono wangu, mkasi ukaanguka. Alivuta hewa muda, akasema, "Hicho kikohozi ni changu." Nikamwambia tulia, si wewe uliyekohoa. Mlango ukafunguliwa, akaingia binti yake na chupa ya uji, anatabasamu.

Alikunywa uji vijiko vitatu ili kumridhisha, akamsifia, akamwomba akatafute muuguzi, na alipotoka akanigeukia mimi. Sijawahi kumwona kaka yangu na hofu, tangu utoto, hata siku ile mwalimu anammwagisha mawe, lakini Jumamosi ile nilimwona. Akaniambia, "Mwambie afungue maji." Akapumzika. "Na apige picha. Usimwachie." Hayo ndiyo niliyoachiwa, sikuachiwa kingine, na ndiyo maana nimekataa kusoma nukta. Alifariki dunia Jumanne asubuhi, tarehe 14 mwezi huu, akiwa na mke wake, na mimi, na huyu binti aliyekuwa amemshika miguu.

Nimemwambia binti. Nilimwambia siku ile ile, nikamwambia jana, nikamwambia leo wakati namfunga kilemba. Amenijibu kila namna, kwamba ni mafua, kwamba ni kilio, kwamba kuna sanduku la mawe meusi la sonara ambalo lazima alianze kesho asubuhi, na nilipombana sana akasema lililo moyoni, "Shangazi, nikijua nitashindwa kulishika jiwe tena." Hilo nimelielewa, mwanangu, naapa nimelielewa, gurudumu lile ndilo baba yako, ukiliacha unaona unamzika mara mbili. Ila hakuna aliyekuambia uliache. Baba yako, uliyemwiga kusaga kavu, alisema ufungue maji. Fundi anayesuuza jiwe na kulifuta na kulitazama na kurudi ni fundi bado, atachelewa, sonara atanuna, akinuna na anune.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi aliyekuwa anamgeuza kila saa bila kuitwa, na daktari wa mapafu, ambaye asubuhi hii amempigia mwalimu simu kutupa pole na kusema chumba cha picha kimewashwa na atasubiri mpaka alasiri, akiondoka harudi mpaka mvua ziishe. Nawashukuru majirani mliobeba mtungi wa oksijeni juu na chini kama mtoto wenu, mwenye duka la baiskeli aliyetuazima gari lake, ambalo liko pale nje na dereva yumo ndani, na wafanyakazi wenzake wote wa karakana. Ninyi shukrani zangu zina masharti, mtanisamehe. Nimekaa hapa mbele nikiwasikiliza tangu ibada ianze, na huyu binti si peke yake anayekohoa. Mlipenda kumwiga, mwigeni na la mwisho alilosema, na yule wa pembeni mwenye kofia, usiangalie dari, nakusema wewe.

Na sasa wewe, kitinda mimba wa kaka yangu. Najua unangoja tufike kaburini, kila mtu atupe konzi yake ya udongo, kisha ndiyo tuzungumze, na nikikubali hapo kutakuwa na wageni wa kuaga, na vyombo vya kuosha, na daktari atakuwa ameshapanda gari. Umeitikia kwa kichwa, nimekuona. Baba yako naye aliitikia. Sitaki kichwa, nataka miguu. Nenda sasa hivi, kabla hatujambeba, na mtu yeyote atakayeuliza binti wa marehemu yuko wapi nitamjibu mimi, kwa sauti hii hii. Vumbi la leo tutalitupa sisi.

Wifi, ni wewe unamwinua? Mshike hivyo hivyo, mshike na mkono wa pili. Mwalimu, wapishe mama na dada yako. Ninyi wa mlangoni fungueni njia, fungueni yote, asikanyage mtu.

Kaka, wametoka, gari nalisikia linaondoka. Lala sasa, kaka yangu, kwa amani.